Dawa za Miti na Saratani ya Ini: Ya Kuuliza Kabla Hujanywa

Mwongozo huu haukukatazi dawa za miti shamba. Ukiishi Mpemba, mkoani Songwe, au popote kati ya Tunduma na Vwawa, dawa hizo zimekuzunguka: kuna mzee jirani anayejua mzizi wa tumbo, mama anayeuza unga wa majani gulioni, kijana wa stendi mwenye kipaza sauti anayeahidi kusafisha damu, ini na figo kwa chupa moja, na maboksi yenye maandishi ya Kichina yanayovuka kutoka Nakonde au kuteremshwa kwenye malori ya Dar es Salaam. Kukuambia uache zote ni kupoteza wino, na wala si kweli kwamba zote ni mbaya. Ninachotaka ujue ni zipi kati ya hizo, na kwa njia gani, zinaweza kulichosha ini hadi lifike kwenye saratani, na wewe ufanye nini mapema.

Kitu chochote unachomeza, kiwe cha porini au cha kiwandani, hupita njia moja. Kutoka kwenye utumbo kinaingia katika mshipa mkubwa unaopeleka damu moja kwa moja kwenye ini, kabla moyo haujaisambaza mwilini. Ini ndilo linalokipokea kwanza. Kazi yake ni kukibadili kile kitu kigeni ili kiweze kutoka kwa mkojo au kwa nyongo, na mara nyingi kazi hiyo inakwenda vizuri. Ila zipo sumu chache ambazo zikiingia bado hazijawa kali, na ni vimeng'enya vya ini vyenyewe, katika kule kuzibadili, vinavyozipa ukali. Zikishaiva hivyo hazifiki mbali. Hujinasa kwenye vinasaba vya seli ileile iliyozishughulikia.

Hapo ndipo saratani inapoanzia. Seli iliyoharibiwa vinasaba hufa, au mwili huirekebisha, au inabaki na kosa na kulirithisha kwa seli zinazozaliwa nayo. Mtu akinywa mara moja, hesabu huishia kwenye seli chache. Akinywa kila asubuhi kwa miaka, ini linakufa na kuota upya, linakufa na kuota upya, na kila mara linapoota kuna nafasi ya kosa jingine. Katikati ya purukushani hiyo makovu yanajaa. Madaktari huyaita sirosisi, na ini lenye sirosisi ndilo saratani inalolipenda.

Kwa hiyo shika mambo mawili: kipimo na muda. Kikombe kimoja hakileti saratani. Kikombe kimoja cha mmea mbaya sana kinaweza kuua ini kwa siku chache, kama inavyotokea Afrika Kusini kwa mzizi uitwao impila, lakini hilo ni janga la aina nyingine. Saratani hutokana na mazoea.

Mimea yenye sumu yake yenyewe

Kundi la kwanza la kulijua lina sumu ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Mimea inayozibeba imeenea duniani kote, na kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Marejea ni ndugu wa kundi hilo. Wabenediktini wa Peramiho waliyaeneza sana katika nyanda za kusini kama mbolea ya kijani, na shambani yanafanya kazi nzuri. Jamii yake, Crotalaria, ina aina nyingi sana. Baadhi zina sumu kidogo na baadhi nyingi, na kwa kawaida mbegu ndizo zinazobeba zaidi. Zipo pia jamii za Senecio na Heliotropium. Na lipo gugu moja ambalo bila shaka umelikanyaga: Ageratum conyzoides, lile la majani yenye vinyweleo, harufu kali na vijiua vya rangi ya zambarau hafifu vilivyofungana kama vifungo. Watu wengi Afrika wanalitwanga na kulibandika kwenye kidonda. Kulinywa ni habari nyingine kabisa.

Madhara ya sumu hizi kwa binadamu yanajulikana vizuri. Jamaika, katika miaka ya 1950, madaktari waliona watoto waliovimba tumbo kwa maji baada ya kunyweshwa chai ya majani ya porini. Mishipa midogo ndani ya ini ilikuwa imeziba. Afghanistan, kati ya 1974 na 1976, mbegu za Heliotropium zilichanganyika na ngano wakati wa ukame, na vijiji vizima vikaugua. India nako, wilaya ya Sarguja, mbegu za Crotalaria ziliingia kwenye nafaka katika miaka hiyohiyo. Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ugonjwa wa ini ulioua watu wengi vijijini ulihusishwa na gugu la Ageratum lililovunwa pamoja na nafaka. Na si kwamba hatukuonywa. Mwaka 1968 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha kazi ya Schoental na Coady kuhusu mimea ya Ethiopia na ya ukanda wetu inayoharibu ini, ikiwemo inayotumiwa kama dawa. Ni zaidi ya nusu karne sasa.

Je, alkaloidi hizi zinaleta saratani kwa binadamu? Tuwe wakweli. Kwa panya wa maabara zinaleta, na ndiyo maana shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeziweka kadhaa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kwa binadamu kilichothibitika ni kuziba kwa mishipa ya ini na makovu yanayofuata. Mimi makovu hayo yananitosha kuikataa chai ya namna hiyo.

Kwa kundi la pili hakuna "huenda". Ni mimea ya jamii ya Aristolochia, yenye asidi ya aristolokia. Ni mitambaazi, majani yake mara nyingi yana umbo la moyo, na ua lake ni la ajabu: mrija uliopinda kama kiko, mara nyingi wenye harufu mbaya inayovuta inzi. Zipo aina zinazoota Afrika Mashariki, na nyingine hupandwa bustanini kwa urembo. Katika tiba ya Kichina zilitumika kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja ya Brussels, Ubelgiji, walianza kupoteza figo. Mmea mmoja kwenye vidonge vyao ulikuwa umebadilishwa kwa Aristolochia bila wao kujua. Baadaye wengi wao wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. IARC imeiweka asidi hiyo kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, pamoja na tumbaku.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mwathirika ni figo peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Singapore na Taiwan walichapisha jambo lililoshtua wengi. Walisoma vinasaba vya uvimbe wa saratani ya ini kutoka kwa wagonjwa 98 wa Taiwan. Asidi ya aristolokia ina namna yake ya kuharibu vinasaba, alama isiyofanana na ya sumu nyingine, kwa hiyo inaweza kutambuliwa ndani ya uvimbe miaka mingi baada ya dawa kunywewa. Alama hiyo waliikuta kwenye asilimia 78 ya uvimbe ule. Taiwan ilikuwa imeshapiga marufuku mimea hiyo tangu 2003, lakini aliyekunywa alikuwa ameshakunywa.

Sasa ukishika boksi la dawa ya Kichina dukani Tunduma, soma maandishi madogo ya herufi za Kilatini. Ukiona Aristolochia, guan mu tong, guang fang ji, qing mu xiang au ma dou ling, rudisha boksi rafuni. Na kama boksi halina orodha ya vilivyomo kwa lugha unayoisoma, lirudishe pia.

Neno moja kuhusu mwarobaini, kwa sababu kila ua una mti wake. Mafuta ya mbegu zake yasinyweshwe mtoto mchanga, hata matone machache ya "kikohozi". Kumewahi kuripotiwa watoto walioharibika ini na kupata degedege kwa mafuta hayo. Hilo si la saratani, lakini mama mwenye mtoto anapaswa kulijua.

Sumu inayoota juu ya dawa

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumwambia mtu wa Songwe, nitaacha Aristolochia na marejea na kusema hili. Hatari kubwa zaidi katika mfuko wa dawa ya unga huenda haimo kwenye mti wenyewe. Ni ukungu ulioota wakati dawa inakauka au imehifadhiwa.

Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita pia aflatoksini, hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Tunaisikia kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua na 20 walikufa, familia nyingi zikiwa zimekula mahindi ziliyolima zenyewe. Kenya, mwaka 2004, kule Makueni na Kitui, walikufa watu 125 kati ya wagonjwa 317. Hao ni waliokula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Wanaokula kidogo kila siku hawaanguki. Wanaendelea na kazi zao, na sumukuvu aina ya B1 inaendelea kuharibu kinasaba kimoja muhimu kinachozuia seli kugeuka saratani. IARC haina mashaka nayo: kundi la kwanza.

Kuvu hao hawajui kama unga ni wa ugali au wa dawa. Watafiti wa Kenya waliokusanya bidhaa za mitishamba Eldoret na Mombasa, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta kuvu wa Aspergillus, na sumukuvu, katika bidhaa zilizokuwa zikiuzwa sokoni. Kwa nafaka kuna kikomo: viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi yasizidi maikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na za aina ya B1 zisizidi 5. Chupa ya stendi nani ameipima?

Tena kuchemsha hakusaidii. Jiko la nyumbani huua kuvu, sumu inabaki. Na sumu yenyewe haina rangi wala ladha, kwa hiyo hata unga unaoonekana safi unaweza kuwa nayo. Ndiyo sababu kazi yote iko kwenye kukausha na kutunza.

Ukichuma mwenyewe, chuma wakati wa kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, wakati hewa ya huku ni kavu. Dawa iliyokaushwa kati ya Novemba na Aprili, mvua ikinyesha kila siku, ni ya kuitilia shaka tangu mwanzo. Osha mizizi kuondoa udongo, maana kuvu wanaishi kwenye udongo. Katakata vipande vyembamba. Mzizi mnene hukauka nje na kubaki na unyevu ndani. Tandaza kwenye chanja yenye kivuli na upepo, usitandaze chini wala kwenye lami ya barabara ya Isongole kama baadhi ya watu wanavyoanika mahindi. Jani likauke hadi livunjike kwa sauti ukilifikicha, na kipande cha mzizi kikatike, kisipinde. Ndipo utwange, na utwange kidogo kidogo kadiri ya matumizi, kwa sababu unga hunyonya unyevu haraka kuliko kipande kizima. Weka kwenye chombo cha kioo kikavu chenye kifuniko kinachobana, andika tarehe, na uweke mbali na jiko na mtungi wa maji. Msimu wa mvua ukipita, tupa kilichobaki uchume kingine.

Ukinunua, mimina kidogo kwenye karatasi nyeupe juani. Unga mkavu humwagika kama vumbi. Ukiona mabonge, utando kama wa buibui, wadudu, au ukinusa uvundo wa kihenge kilichovuja, usinunue, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Dawa ya maji iliyochemshwa na kukaa kwenye chupa ya soda wiki nzima usiinywe. Ya kuchemsha ichemshwe na kunywewa siku hiyohiyo.

Na mahindi ya ndani usiyasahau. Hakuna maana ya kukagua kijiko cha dawa wakati ugali wa kila siku una ukungu. Kuna kipimo cha unyevu kisicho na gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi hadi robo, ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa kwa nguvu dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, yanafaa kuhifadhiwa. Punje zilizovunjika, zilizooza au zilizobadilika rangi zitenge na usizipeleke kwenye pombe ya komoni wala kwa kuku. Kuku nao wana maini, na mayai yao unakula wewe.

Kuhusu kilichotiwa kwa siri

Hapa nitapita haraka. Dawa ya asili inayoondoa maumivu ya mgongo ndani ya nusu saa, au inayoamsha nguvu za kiume usiku huohuo, ifikirie kuwa ina dawa ya kiwandani iliyosagwa ndani. Duniani kote maabara zimekuwa zikikuta steroidi, dawa za maumivu na sildenafil katika bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Madereva wanaosubiri foleni ya mpakani ni miongoni mwa wateja wa mambo haya, na wapo wanaomeza na paracetamol juu yake. Ini linapokea yote.

Namna ya kumwuliza mganga

Watu wengi hawaulizi kwa sababu wanaogopa kuonekana wanamdharau mzee. Lakini kuuliza kwa adabu kunawezekana, na mganga anayejua kazi yake hakasiriki. Inaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mzee. Dawa uliyonipa nimeipokea. Naomba unielekeze, hii nitumie mpaka lini?"

"Mpaka upone."

"Na nisipopona, mzee, niache siku ya ngapi?"

Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha uko mbele ya mtu gani. Anayejua atakuambia: tumia siku tano, usipoona nafuu urudi, au nenda hospitali. Asiyejua atakuambia unywe kila siku, ni chakula tu, haina madhara. Dawa isiyo na siku ya kuacha usiianze.

Mwulize pia ni sehemu gani ya mti: jani, gome, mzizi au mbegu. Imekaushwa lini na wapi. Ina mti mmoja au miti mingi. Akikataa kutaja jina la mti kwa sababu ni siri ya ukoo, heshimu siri yake, lakini mwombe akupe tawi au kipande kizima badala ya unga. Kipande kizima kinaweza kutambuliwa na mtaalamu wa mimea ukiugua. Unga hauna sura.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Mwombe mganga akuonyeshe cheti. Kwa dawa ya kufungashwa, tafuta namba ya usajili wa Baraza kwenye lebo, jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Kila halmashauri ina mratibu wa tiba asili. Ukifika ofisi ya mganga mkuu wa halmashauri, ukamtaja mratibu huyo, utaelekezwa. Dawa ikikutia shaka, huyo ndiye wa kumpelekea, na sampuli ikihitaji kupimwa ipo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya kanda Mbeya. Usajili nao si kinga ya kila kitu. Haukuhakikishii kwamba unaweza kunywa dawa miaka mitatu mfululizo.

Wapo watu ambao kwao jibu ni fupi: msinywe kabisa bila daktari kujua. Wajawazito na wanaonyonyesha, kwa sababu sumu hizi hupita kwa mtoto. Watoto wadogo. Walio kwenye dawa za kifua kikuu, maana vidonge vile peke yake vinalielemea ini. Wanaotumia ARV. Wanywaji wa komoni na gongo, ambao ini lao tayari lina kazi. Rakai, Uganda, watafiti waliwapima ugumu wa ini watu 1,000, nusu yao wakiwa na VVU, na mwaka 2012 walichapisha kwamba makovu makubwa ya ini yalionekana kama mara mbili zaidi kwa waliotumia mitishamba. Kwa waliotumia mimea ya familia ya alizeti, ambayo ndiyo ya Ageratum na Senecio, ilikuwa zaidi ya hapo. Watumiaji katika utafiti ule walikuwa 42 tu, kwa hiyo ichukue kama dalili, usiichukue kama hukumu.

Hepatitis B, mshirika wa kila sumu

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika Afrika, chanzo kikubwa cha saratani ya ini ni kirusi cha hepatitis B. Wengi huambukizwa utotoni, hawajui, wanaishi nacho miaka thelathini bila kuumwa chochote. Kikikutana na sumu, madhara hayajumlishwi, yanazidishwa. Shanghai, China, wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa tangu miaka ya 1980. Waliokuwa na sumukuvu peke yake mwilini, hatari ya saratani ya ini ilikuwa kama mara tatu ya wasio nayo. Waliokuwa na hepatitis B peke yake, kama mara saba. Waliokuwa na vyote viwili, karibu mara 60.

Soma tena namba hiyo kisha ufikirie mtu wa Mpemba mwenye kirusi asichokijua, anayekula mahindi ya kihenge chenye unyevu, na anayekunywa unga wa "kusafisha ini" kila asubuhi kwa sababu aliambiwa ni kinga. Anajitahidi kulinda afya yake, na anafanya karibu kila kitu kinachomsogeza kwenye hatari.

Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote ya kutumia kwa muda mrefu, kapime hepatitis B. Ni tone la damu, kipimo huitwa HBsAg, majibu hutoka siku hiyohiyo. Chanjo iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huna kinga ya utotoni. Majibu yakiwa hasi, omba chanjo ya watu wazima. Ni sindano tatu ndani ya miezi sita. Yakiwa chanya, usikate tamaa wala usikimbilie kwa anayedai ana dawa ya kukitoa kirusi kabisa. Daktari ataangalia kama unahitaji tenofovir, dawa ya kidonge kimoja kwa siku ambayo hutumika pia kwa VVU, na wengine watatakiwa kupigwa ultrasaundi ya ini kila miezi sita ili uvimbe ukitokea uonekane ukiwa mdogo. Uvimbe mdogo unaweza kutibika. Ukishajaza tumbo, mara nyingi kinachobaki ni kutuliza maumivu, iwe Mbeya au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Ukiona dalili

Ini haliumi mapema. Ukianza kusikia uzito chini ya mbavu za kulia, kukosa hamu ya chakula, kukonda bila sababu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kuwashwa mwili mzima, au macho kugeuka manjano, ini limeshalalamika muda. Tumbo likijaa maji, watu watasema umetupiwa kitu. Waombee wanaosema hivyo, kisha panda gari.

Manjano ya macho yana mtego wake. Mtu akiyaona hukimbilia dawa ya miti ya manjano, na hali ikizidi huongeza kipimo. Huwezi tena kujua kama ugonjwa ulileta dawa au dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Siku utakayoona macho yamebadilika, acha kila dawa ya miti siku hiyohiyo, acha pombe, acha paracetamol, nenda kituo cha afya ukapimwe, na wakikupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa kule Vwawa usingoje mavuno yaishe.

Ukifika, mweleze daktari ulichokunywa, kwa muda gani, na nani alikupa. Akikufokea, mvumilie, bado anahitaji kujua. Chupa, unga uliobaki, mzizi, hata boksi tupu, visitupwe na ndugu kwa aibu. Viweke kwenye mfuko uende navyo.